Kichwa cha Kondoo Alichokikataa Mwalimu Mkuu

Septemba 2

Nimelirudia daftari hili kwa sababu moja tu. Mwalimu mkuu mpya ametoa ahadi, na siku atakapoikana nataka niwe na mahali pa kumsomea maneno yake mwenyewe.

Leo wazazi wote tumeitwa ukumbini. Anaitwa Ularbek, hajafika arobaini, suti ya kijivu, viatu safi mno kwa mtu aliyekuja kuishi kwenye matope yetu. Amesema shule itapata boila la makaa ya mawe badala ya yale majiko ya madarasani yanayotutilia watoto kikohozi. Itapata vyoo vya ndani na madirisha mapya. Kila Jumamosi atatoa karatasi ya habari kwa wazazi, moja itabandikwa mlangoni mwa duka na nyingine itaingia kwenye kundi la simu. Kisha akasema lile lililonifanya niache kufuma soksi: mwakani tutakuwa na darasa la kumi.

Shule yetu inaishia la tisa. Mwanangu wa kwanza, Begaiym, alipokuwa la tisa, mwalimu mkuu wa wakati ule naye aliahidi darasa la kumi. Nikangoja. Ilipojulikana kwamba hakuna kitu, nafasi zote za bweni mjini zilikuwa zimekwisha, tukampeleka kwa binamu za baba yake. Huko akalea watoto wao, akapika, akafua, na vitabu akavisoma akisinzia mpaka akaviacha. Sasa ana miaka ishirini na mmoja, anafagia maghala Urusi, na mimi namsikia Jumapili kwenye simu. Mdogo wake Aizirek yuko la tisa mwaka huu. Nafasi za bweni zinafungwa mwisho wa Novemba. Safari hii singoji ahadi ya mtu.

Mwishoni Ularbek alishusha sauti. "Baba yangu alikufa nikiwa darasa la tatu," akasema. "Najua shule ni nini kwa mtoto asiye na mtu." Akina mama wakatoa leso. Shaarkan, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, alilia mpaka wanja ukateremka shavuni. Mimi sikulia. Mtu anayekuliza siku ya kwanza ana analolitaka.

Septemba 5

Karatasi ya kwanza. "Madirisha ya upande wa barabara yamekamilika." Upande wa barabara! Yaani ule anaouona mkubwa wa wilaya akipita na gari.

Septemba 9

Tumechimba viazi. Mgongo hauna habari na mimi.

Septemba 14

Shuleni kumekuja mzee. Nilikuwa na Shaarkan getini tukimsubiri fundi wa madirisha, mara basi la mjini likamshusha na mfuko mmoja wa turubai. Ndevu nyeupe, koti la zamani, na kwenye vidole vya mkono wa kushoto amechanjwa michoro ya buluu. Michoro ile huchanjwa gerezani, si msikitini.

"Unamtafuta nani, baba?" akauliza Shaarkan.

"Mwalimu mkuu."

"Ah, Mwalimu Ularbek! Mtu wa dhahabu yule. Yatima, maskini, amejilea mwenyewe. Baba yake alimfia akiwa mdogo kabisa."

Mzee akalisikiliza hilo, akauhamisha mfuko kutoka mkono huu kwenda mwingine. "Basi Mungu amtunze," akasema, akaingia ndani.

Jioni tukaambiwa huyo ndiye mchochea moto wa boila jipya. Hapa kijijini kuna wanaume kumi wanaokaa ukutani kwa duka kutwa nzima wakitafuna mbegu za alizeti. Wote hawafai kushika koleo, mpaka aagizwe mtu kwa basi?

Septemba 19

Karatasi: vyoo vya ndani vimefunguliwa, maji ya moto yapo, na mlangoni imefungwa kamera "kwa usalama wa watoto." Nilikwenda kuvitazama vyoo. Ni vizuri, sikatai. Maji kweli ya moto. Lakini kamera inautazama mlango wa mbele, na mlango wa chumba cha boila uko nyuma.

Septemba 27

Aizirek amechelewa kurudi wiki nzima. Leo nimemnusa kichwani wakati namsuka, ananuka moshi wa makaa.

"Ulikuwa wapi?"

"Shuleni, mama."

"Shule inafungwa saa nane."

"Tunasoma."

"Mnasoma wapi?"

"Mama, jamani! Penye joto."

Penye joto ni mahali pamoja tu, chumba cha boila, ambako mzee ameanza kulijaribu moto. Sikulala vizuri.

Oktoba 1

Nimekwenda bila kubisha hodi. Nilishika fimbo ya kuchungia ng'ombe, sioni haya kuandika. Mlango wa boila niliusukuma kwa bega.

Walikuwa wasichana watano na wavulana wawili kwenye benchi, madaftari mapajani, wanabishana juu ya hesabu. Mzee alikuwa upande wa pili kabisa, amewapa mgongo, anashona kisigino cha kiatu cha sufu cha mtoto wa mtu. Aizirek aliiona fimbo akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Karibu," akasema mzee bila kuinuka. "Mlango uache wazi, tafadhali. Huwa nauacha wazi wakiwa humu. Leo upepo tu ndio umeufunga."

Nikauacha wazi. Nikamuuliza anatoka wapi, akanitajia mji. Nikamuuliza watoto wake wako wapi, akasema, "Ninaye mmoja. Hana haja na mimi."

Njiani Aizirek alitangulia mbele yangu. Nyumbani ndipo akalipuka: "Wenzangu wanakuja na vitabu, mama yangu anakuja na fimbo!" Bibi yake, mama mkwe wangu Kalipa, ambaye kwa kawaida hasikii mpaka umpigie kelele, hilo alilisikia vizuri sana, akacheka mpaka akakohoa.

Wacheke. Mzee anayekumbuka kuuacha mlango wazi ni mzee aliyewahi kushukiwa.

Oktoba 8

Mume wangu Sapar ameteremka malishoni na kondoo. Amekonda, amekuwa mweusi kama birika. Nilimsimulia yote: madirisha, kamera, mzee, vidole. Alikula sahani mbili, akafuta masharubu.

"Mke wangu," akasema, "wewe hata jua likichomoza unakwenda kuhakikisha limetokea upande wake."

Oktoba 11

Theluji ya kwanza.

Oktoba 17

Karatasi: wilaya imekubali darasa la kumi kwa sharti la majina kumi na matano, yawasilishwe tarehe thelathini Novemba. La tisa letu lina watoto kumi na saba. Shaarkan amepita nyumba kwa nyumba akikusanya. Nimeliandika jina la Aizirek, lakini kalamu ilisita. Bweni nalo linafungwa siku hiyo hiyo ya tarehe thelathini. Mtoto hawezi kuandikwa kote kuwili.

Aizirek alinikumbatia shingoni kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo. Nikajiambia, angalia, Burulcha, usije ukamvunja huyu pia.

Oktoba 24

Leo ndiyo leo. Nitaandika taratibu ili nisiongeze chumvi.

Boila limewashwa rasmi. Vyuma vya ukutani vilipata joto darasa baada ya darasa, watoto wakawa wanakimbia kuvigusa na kupiga makofi. Na mimi niligusa. Kamati tulichinja kondoo wawili, tukakanda unga, tukapika beshbarmak, nyama na tambi zetu, sufuria mbili kubwa, na wazazi wote wakaketi kwenye ukumbi wa chakula wamejipanga kwa umri wao.

Suala la kichwa tulilizungumza tangu asubuhi jikoni. Kwetu mtu ambaye baba yake yu hai hapewi kichwa cha kondoo akikate mbele za watu, maana kukikata ni kusema mimi sasa ndiye mkubwa wa kwetu, hakuna aliye juu yangu. Mume wangu alikuwa na mvi tele kabla hajakishika, kwa vile baba yake aliishi sana. Lakini Mwalimu Ularbek ni yatima, alitwambia mwenyewe, na siku ni yake. Shaarkan akasema, "Kichwa ni chake, hakuna ubishi." Nikapewa mimi sinia.

Mzee wa boila alikuwa anatembea na birika na beseni, anawamwagia watu maji ya kunawa. Kazi hiyo ni ya vijana, na vijana walikuwepo, ila yeye aliichukua mwenyewe. Alipomaliza safu ya mwisho akasimama mlangoni, birika mkononi.

Nikaliweka sinia mbele ya Ularbek, kichwa kimemwelekea, kisu pembeni. Watu wakanyamaza wamngoje akate sikio ampe mtoto, kama ilivyo desturi. Akakitazama kile kichwa. Akatazama mlangoni. Uso wake ulibadilika rangi, nilikuwa karibu, niliuona. Kisha akaligeuza sinia kwa mikono miwili, akalisukuma kwa mzee aliyeketi kando yake.

"Hakinipasi mimi," akasema. "Kateni nyinyi."

Wengi walidhani ni adabu. "Mnyenyekevu huyo!" akanong'ona Shaarkan. Lakini mama mkwe wangu, aliyekuwa ameketi pale juu na wazee wenzake, alinivuta sketi.

"Mkwe, umeona?"

"Nimeona, mama."

"Mtu hakikatai kichwa bure. Huyo baba yake yu hai."

Alisimama ukumbini tarehe mbili Septemba akamzika baba yake mbele yetu ili tumlilie. Kama anaweza kumwua baba yake kwa ajili ya makofi, darasa la kumi litamshinda kulizua?

Oktoba 25

Begaiym amepiga simu. Anakohoa. Nikamwambia avae kitambaa kifuani, akasema, "Mama, humu ghalani hata kitambaa kinaganda." Nilitaka kumweleza habari za kichwa, nikashindwa. Yeye ndiye aliyeilipia ahadi ya mwalimu mkuu aliyepita.

Baada ya simu nikaenda kwa Shaarkan.

"Shoga, yule mtu ni mwongo."

"Nani?"

"Mtu wako wa dhahabu. Kama baba yake amekufa, alikataaje kichwa?"

Shaarkan aliduwaa, kijiko cha jamu hewani. "Wee Burulcha! Kwa hiyo machozi yangu…"

"Uliyamwaga bure."

Alikuwa na hasira kunishinda mimi. Hakuna kinachomuuma mtu kama kugundua alilia kwa makosa.

Oktoba 28

Kijiji kizima kinajua. Sikulazimika kumwambia mtu wa pili.

Novemba 2

Nimekwenda shuleni nikaliondoa jina la Aizirek. Ularbek hakuniuliza sababu. Alilikata kwa mstari mmoja. "Mama Aizirek," akasema, "mwanao ndiye bora wa hesabu niliye naye." Nikamjibu kwamba najua, ndiyo maana simwachi achezewe.

Jioni nilimwambia Aizirek anakwenda bweni la mjini. Hakulia. Alikunja daftari lake la hesabu, akaliweka chini ya godoro, akasema, "Umenifungia mlango, mama, halafu unasema ni upepo."

Sapar alitoka kwenda kuwaangalia kondoo ambao hawakuwa na shida yoyote.

Novemba 7

Karatasi: uji wa asubuhi kwa madarasa ya chini. Rafu ya vitabu. Hakuna neno juu ya majina. Shaarkan ananiambia yamebaki tisa. Nilidhani nitafurahi.

Novemba 12

Mzee wa boila ameondoka. Wanasema akina baba wawili walimfuata chumbani kumuuliza michoro ya vidoleni na kifungo alichofungwa, na iweje mwongo amlete mfungwa kwa watoto wetu. Hakubishana. Alijaza makaa ya mchana mzima, akachukua mfuko wake wa turubai, akaondoka kwa miguu kuelekea njia ya juu, ile inayovuka mlima. Theluji magotini.

Mimi sikuwatuma. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, ingawa halinisaidii.

Novemba 14

Jumamosi, na karatasi haikutoka. Nimepita dukani mara tatu. Mlangoni kuna gundi kavu tu. Nimejikuta nimekasirika kama mtu aliyenyimwa haki yake.

Novemba 15

Bomba limepasuka usiku kwa baridi. Madarasa ya upande wa mto yameganda, watoto wadogo wamerudishwa nyumbani. Katika wale kumi wa mbegu za alizeti hakuna aliyejitolea.

Novemba 17

Sikuweza kuvumilia. Nilitaka kuusikia uongo wake kwa masikio yangu, niutie muhuri, nilale.

Nilimkuta chumba cha boila peke yake. Suti hakuna, amevaa fulana ya sufu iliyotoboka kiwiko, uso mweusi wa masizi, viganja vimechubuka. Anachochea vibaya, hata mimi nilimwona, moshi wote unamrudia.

"Mama Aizirek," akasema, "umekuja na ile fimbo?"

"Nimekuja na swali. Baba yako yu hai?"

Akaliegemeza koleo ukutani. Alikaa kwenye lile benchi la watoto.

"Yu hai."

"Kwa hiyo ulitudanganya."

"Niliwadanganya. Kama nilivyomdanganya kila mtu tangu darasa la tatu." Akafuta uso, akazidi kujipaka masizi. "Alikuwa dereva wa lori. Alilewa, akagonga gari kwenye njia ya juu, wakafa watu wawili. Akafungwa. Mama akatuambia, kuanzia leo mkiulizwa, semeni amekufa. Nikasema, nikasema, mpaka hata mimi nikawa naamini. Siku ile ukumbini ilitoka yenyewe. Ndiyo hotuba yangu ya siku zote."

"Na sasa yuko wapi?"

Alitazama nyuma ya boila, na mimi nikatazama. Kilikuwepo kitanda cha mbao kimetandikwa vizuri, na juu yake kiatu cha sufu cha mtoto, kisigino hakijamalizika.

Nilikaa chini.

"Alikuja bila kuniambia," akasema. "Hana pa kwenda. Na kabla hajafika kwangu, pale getini, akaambiwa kwamba mimi ni yatima. Alipoingia ofisini, neno lake la kwanza lilikuwa: usijisumbue, mwalimu, mimi ni mtu wa kazi tu. Akaniita mwalimu, baba yangu! Na mimi nikamwacha aniite hivyo. Nilikuwa na siku kumi na mbili tu hapa, nimeshaliliwa na kijiji kizima. Ningewaambia nini?"

"Na kichwa?"

"Alikuwa amesimama mlangoni ameshika birika, mama. Ukaniwekea kichwa mbele yangu. Ningekikata, ningemzika huku ananiangalia."

Moto ulikuwa unakaribia kuzima. Niliinuka nikachukua koleo, nikamwonyesha atupe makaa kidogo kidogo pembeni, maana sote tumelelewa na majiko. Sikuwa na kingine cha kufanya na mikono yangu.

Nimekuwa nikijisifu kwamba mimi sidanganywi. Na kweli, niliuona uongo kabla ya wote. Baba mwenyewe alipita mbele yangu na birika, akanimwagia maji mikononi, nikanawa, sikumwona.

Novemba 18

Nimemwambia Sapar. Alivaa buti kabla sijamaliza.

"Wapi?"

"Kibanda cha watu wa barabara, kule juu. Mtu wa miguu hawezi kupita pale na theluji hii."

"Unajuaje kama yuko hai?"

"Sijui," akasema. "Ndiyo maana naenda na farasi wawili."

Novemba 19

Sapar hajarudi. Mawingu yamekaa chini. Mama mkwe anavuta tasbihi, Aizirek ananiangalia kama mgeni.

Novemba 20

Wamerudi! Mzee amevimba vidole vya miguu na hasemi vizuri, lakini anakunywa chai. Tumemlaza karibu na jiko. Aizirek ndiye anayembadilisha vitambaa vya miguu. Alipopata usingizi, mama mkwe alinikonyeza nimkaribie.

"Chinja," akasema.

"Nani, mama?"

"Yule kondoo mwenye doa. Jumapili. Ita watu wote uliowaambia."

"Ni kijiji kizima, mama."

"Basi chinja wawili."

Novemba 22

Wamekuja. Shaarkan kajifunga kilemba kipya, wale akina baba wawili wamekaa karibu na mlango kama watu watakaohitaji kukimbia. Ularbek alifika wa mwisho, suti yake ya kijivu, masizi bado yapo kwenye kucha. Alipomwona mzee alisimama pale pale kizingitini.

Mzee nilikuwa nimemweka mahali pa juu kabisa, mkabala na mlango, mito miwili mgongoni, kulia kwa mama mkwe wangu. Alikataa mara tatu. Kalipa akamwambia, "Keti, kijana, mimi ni mkubwa kwako." Akaketi.

Nililileta sinia mwenyewe. Nikapita mbele ya kila aliyetazamia, nikapita mbele ya mwalimu mkuu, nikaliweka mbele ya mzee, kichwa kimemwelekea.

"Mzee Abdrai," nikasema. Mpaka Ijumaa nilikuwa sijamwuliza mtu jina lake. "Mimi nilimwambia Shaarkan, na Shaarkan akawaambia wengine, kwamba mwalimu alitudanganya juu ya baba yake. Ni kweli alitudanganya. Lakini niliwaacha mtafute baba mbali, na baba alikuwa anatumwagia maji. Ukiwa na hasira, nianzie mimi."

Mzee alitikisa kichwa. "Hiki si changu, binti. Mimi kuna watu wawili niliowaua. Siwezi kukishika kisu hiki kama mkubwa wa watu."

Shaarkan alishika ncha ya kilemba chake kipya.

Ndipo Ularbek alipoinuka. Alichukua birika na beseni kutoka kwa Aizirek, akapita katikati ya watu, akapiga magoti mbele ya mzee.

"Nawa, baba."

Mzee aliitazama mikono yake, ile yenye michoro. Akainyoosha. Maji yalimwagika nje ya beseni kwa sababu mwenye birika alikuwa analia, na safari hii hakuwa akimtazama mtu yeyote. Mimi nililia, sifichi. Shaarkan alijizuia kwa nguvu zake zote, nadhani aliogopa kukosea mara ya pili, kisha akashindwa.

Mzee akashika kisu. Akakata sikio la kulia, akampa Aizirek. "Uwasikilize walimu wako," akasema. Watoto wote wakanyoosha mikono kulidai la pili, maana masikio ni ya watoto. Akalikata, akalishika kidogo, akawapita wote, akamwekea mwanawe kiganjani.

Mtu wa suti, mwalimu mkuu, akala sikio la kondoo mbele za watu kama mtoto wa darasa la tatu. Hakuna aliyecheka.

Novemba 23

Jina la Aizirek nimelirudisha mimi wa kwanza. Daftari la hesabu limetoka chini ya godoro.

Novemba 28

Karatasi imetoka. Nilikuwa dukani kabla ya gundi. "Mabomba yametengenezwa. Joto limerudi madarasa yote. Mchochea moto ni Mzee Abdrai, baba yake mwalimu mkuu. Majina ya darasa la kumi ni kumi na manne."

Kumi na manne. Wengine wote wamerudi, ila familia tatu zimekwisha kuwapeleka watoto bwenini mjini. Walikwenda kwa sababu yangu. Keshokutwa ni tarehe thelathini. Wilaya haitakubali majina pungufu, nawajua.

Nimemuuliza Ularbek kama ile kamera ya mlangoni inafanya kazi. Amesema hapana, imeharibika tangu Oktoba. Nilijua.

Novemba 29

Begaiym amepiga simu. Safari hii nilimweleza yote, tangu madirisha ya barabarani mpaka sikio la kondoo, na jinsi nilivyolikata tawi tulilolikalia, na jina moja tunalolikosa.

"Mama," akasema, "wanapokea mtu wa miaka ishirini na mmoja?"

Nilimsikia akikohoa, na nyuma yake mikokoteni ya ghalani inagongana.

"Mama, upo?"

"Nipo, mwanangu. Usikate simu."

Nimevaa koti la Sapar kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu. Simu iko mfukoni, Begaiym yumo ndani yake anasubiri, na moshi wa boila naona unatoka. Mwalimu na baba yake wako pale. Nakwenda kuwauliza.